Folda isiyofikika ni nini, na kodi yako ifanye nini ikikutana nayo

Umeandika programu ya kusaka faili zote za .txt kuanzia C:\ mpaka chini kabisa, unairun, sekunde chache tu inakufa na UnauthorizedAccessException (eror ya C# ya kukosa ruhusa) na vyote ilivyokuwa imeshavipata vimepotea. Hapo umegonga folda isiyofikika, yaani folda ipo, jina lake unaliona, ila akaunti yako haina ruhusa ya kuchungulia ndani. Kwenye Windows mara nyingi ni System Volume Information, kwenye Linux ni kama /root ukiwa umeingia kama mtumiaji wa kawaida.

Kwenye Linux kuna kitu kinawachanganya wengi: ruhusa ya r kwenye folda inakupa majina ya vilivyomo, ya x ndo inakuruhusu kupita. Kwa hiyo folda ikiwa na r bila x unaona majina yote lakini ukijaribu kufungua hata faili moja unakataliwa.

Sasa lugha zenyewe hazifanani. Kwenye C#, Directory.GetFiles ukiiambia AllDirectories (yaani ipite na folda zote za ndani) inakurudishia orodha nzima mwishoni, ikikwama folda moja basi hupati kitu, na kuizungushia try/catch (sehemu ya kodi inayodaka eror) kwa nje hakusaidii maana ikishafika kwenye catch msako umeshakufa, inabidi uipitie folda moja moja na catch iwe ndani ya mzunguko. Kuanzia .NET Core 2.1 kuna EnumerationOptions (mipangilio ya msako) yenye IgnoreInaccessible, inaruka zilizofungwa na kuendelea, ila angalia, isipobadilishwa inaruka pia faili zilizofichwa na za mfumo, hilo watu wengi hawalijui.

Python yenyewe ni kinyume kabisa, os.walk (inayopita folda zote za ndani) ikikataliwa inanyamaza. Mimi hii naiogopa zaidi kuliko kukrashi, maana programu inakwambia imemaliza, faili 0 zimepatikana, na wewe unaamini hazipo kumbe haikuingia. Dawa yake ni fupi sana:

zilizorukwa = []
for njia, folda, faili in os.walk("/var", onerror=zilizorukwa.append):
    print(njia, len(faili))
for e in zilizorukwa:
    print("imerukwa:", e.filename)

Kuruka ni sawa, cha muhimu utunze ulichoruka na umwonyeshe mtumiaji.

Halafu usijaribu kukagua ruhusa kwanza ndo ufungue, kati ya kukagua na kufungua faili inaweza kufutwa au ruhusa ikabadilika, we fungua tu na udake eror. Dakeni eror husika lakini, PermissionError na FileNotFoundError, sio kila kitu, maana except tupu (catch ya Python isiyotaja eror gani) inameza hata makosa yako mwenyewe ya kodi. Na kurun kama admin ili eror ziishe mi siishauri, unaipa programu ya kusaka tu uwezo wa kufuta mashine nzima, na hata admin wa Windows System Volume Information kwa kawaida bado inamkatalia.