Taa nyingi za nje zinamulika kusikotakiwa

Kazi yangu ni kupanga taa za nje, yaani za barabara, maegesho, viwanja na majengo, na karibu kila ninapoitwa ombi ni lile lile, tuongezee taa. Nikifika mara nyingi nakuta taa zipo za kutosha kabisa ila zimefungwa zikiangalia pembeni au juu, zina weupe mkali unaochoma macho, na zinawaka toka jioni mpaka asubuhi hata pale ambapo hapiti mtu. Ndo maana leo naandika kuhusu uchafuzi wa mwanga, yaani mwanga wa usiku unaokwenda kusikotakiwa, sababu wengi wakisikia hilo jina wanadhani ni malalamiko ya wanaotazama nyota peke yao, kumbe linakuhusu wewe unayetaka kulala, mti ulio nje ya dirisha lako na ndege anayekatiza juu ya paa lako saa nane za usiku.

Tuanze na anga maana ndiko kunakoonekana haraka. Mwanga ukitoka kwenye taa ukaenda juu unagonga hewa, vumbi na unyevu, unatawanyika, na sehemu yake inarudi chini, ndo lile wingu la mwanga unaloliona juu ya mji ukiwa bado uko mbali nao kilomita nyingi. Bluu inatawanyika kuliko nyekundu, sababu ile ile inayofanya anga ya mchana iwe ya bluu, na hapo ndipo LED nyeupe zilipoleta shida mpya. LED nyeupe inaanza na chipu ya bluu (waliotengeneza LED ya bluu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014, na walistahili) halafu inapakwa kemikali inayogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano, na kadiri weupe unavyokuwa mkali ndivyo bluu inavyobaki nyingi. Mimi nazipenda LED, zinakula umeme kidogo, zinadumu, unaweza kuzipunguza mwanga utakavyo. Lakini unafuu ule wa umeme sehemu nyingi umeishia kwenye kufunga taa nyingi zaidi, hata pale ambapo zamani hakuna aliyefikiria kuweka taa.

Matokeo yake yamepimwa. Ramani ya dunia iliyotolewa 2016 na timu ya mtafiti Fabio Falchi ilionyesha kwamba zaidi ya 80% ya watu duniani wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja hawaioni kabisa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu. Mwaka 2023 mtafiti Christopher Kyba na wenzake wakachapisha hesabu ya nyota zilizoonwa kwa macho na watu wa kawaida wa sehemu mbalimbali kati ya 2011 na 2022, wakakuta mng'ao wa anga umekuwa ukipanda kwa wastani wa 9.6% kwa mwaka. Wao wenyewe wanalieleza hivi, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 anabaki na kama 100. Satelaiti zilikuwa zinaonyesha ongezeko dogo kuliko hilo, na sababu mojawapo ni kwamba kipimo kikuu kinachotumika hakiioni vizuri ile bluu ya LED, pia mwanga unaotoka kwa ubavu, kama wa mabango na madirisha, unaonwa zaidi na aliye chini kuliko chombo kilicho juu kabisa.

Sasa viumbe. Hapa naomba nikae kidogo.

Kasa wanaoanguliwa ufukweni usiku wanaelekea upande wenye mwanga zaidi chini kabisa kwenye upeo, na kwa miaka yote hiyo upande huo ulikuwa baharini. Ukijenga nyuma ya fukwe majengo yenye taa wazi wanageuka wanakwenda barabarani, wanakauka, wanaliwa, wanakanyagwa. Ndege nao wengi wanasafiri usiku. Pale New York kila Septemba huwashwa miali mikubwa miwili ya mwanga kuelekea angani, ya kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 11, na watafiti waliofuatilia usiku saba katika miaka saba wakakadiria ndege milioni 1.1 hivi waliathirika, wanavutwa, wanazunguka zunguka ndani ya mwanga wakipiga kelele, wanachoka. Taa zikizimwa kwa muda mfupi tu kundi linatawanyika na kuendelea na safari, na hicho kitu ndo kinanipa moyo kuliko vyote, maana mwanga ukiuzima leo madhara yake mengi yanaanza kuisha leo leo, haukai kwenye maji au udongo miaka na miaka.

Wadudu je? Tumezoea kusema wanaipenda taa. Utafiti uliotoka 2024 ulitumia kamera za kasi kubwa ukaona kitu kingine kabisa, mdudu anayepita karibu na taa anaigeuzia mgongo. Mamilioni ya miaka upande wenye mwanga zaidi usiku ulikuwa juu, angani, kwahiyo kugeuzia mgongo upande huo kunamweka sawa anaporuka. Taa ikiwa ubavuni kwake analala upande na kuizunguka bila kutoka, ikiwa chini yake anapinduka na kuanguka. Ukisimama karibu na taa ya ukutani ukamwangalia nondo mmoja tu utaliona hilo, anazunguka huku tumbo likiangalia nje na mgongo ukiangalia balbu, mpaka anachoka au analiwa. Anayepotea hapo ni mchavushaji, yaani mdudu anayebeba chavua kutoka ua moja kwenda jingine. Uswisi, utafiti wa 2017 uliweka taa kwenye maeneo yaliyokuwa na giza, ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zikapungua kwa 62%, na ua moja lililofuatiliwa likazaa matunda pungufu kwa 13% ijapokuwa nyuki na wenzake wa mchana walikuwepo.

Kwa binadamu ntasema kifupi. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa siyo kuona picha, zinauambia ubongo kama ni usiku au mchana, na zinaitikia bluu kuliko rangi nyingine. Zikipata mwanga usiku homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku, inapungua na saa ya mwili inasogea. Taa na skrini za ndani zina mchango mkubwa kwenye hilo na siwezi kuitupia taa ya mtaani lawama yote, ila taa ya jirani inayopiga moja kwa moja kwenye mto wako ni haki yako kabisa kuilalamikia.

Halafu usalama, ambao ndo hoja inayokuja kila kikao, na ni hoja ya kweli, watu wanaogopa na wana sababu ya kuogopa. Mimi huwa nawaomba tutoke nje usiku tusimame mbele ya ile taa kali ya getini. Nawauliza mnaona nini pale pembeni ya ukuta? Hakuna, weusi tu. Halafu kila mmoja ainue kiganja aikinge ile taa isimpige machoni, asubiri kidogo. Ghafla ukuta unaonekana, kichaka kinaonekana, na kama tumemweka mwenzetu asimame pale naye anaonekana. Taa ile ile, umeme ule ule. Jicho likipigwa na mng'ao linajibana, na kila kilicho kwenye kivuli kinapotea, kwahiyo aliyejificha anafaidi hiyo taa kuliko wewe. Uingereza na Wales walipima hili kwa upana, utafiti wa 2015 ukachukua data za halmashauri 62 zilizokuwa zimezima au kupunguza taa za barabarani usiku, na haukupata ushahidi kwamba ajali au uhalifu uliongezeka. Hiyo haimaanishi tuzime kila kitu kesho, inamaanisha wingi wa taa siyo kipimo cha usalama, kipimo ni kama unaona vizuri pale unapopita.

Tufanyeje basi? Wengi wanakimbilia kuisubiri serikali ibadilishe taa za barabara. Mji wa Tucson huko Arizona walifanya jaribio zuri 2019, walikuwa wanabadilisha mwanga wa taa zao za barabarani usiku huku satelaiti ikipima, na ikaonekana taa hizo zinachangia chini ya 20% ya mwanga wote wa mji unaoonekana kutoka juu. Unaobaki unatoka kwenye mabango, maegesho, viwanja, kuta za majengo zinazopambwa, na taa za nyumba zetu. Yaani sehemu kubwa ya tatizo iko mikononi mwa wenye nyumba, wenye biashara, shule, nyumba za ibada, watu wanaoweza kukaa kikao kimoja wakaelewana.

Naanza na zile taa bapa za mraba, maana ndizo zinazofungwa vibaya kuliko zote. Fundi anaiinamisha ielekee mbele ili imulike mbali, nusu ya mwanga inaenda kwa jirani na angani, ni sawa na kumwagilia bustani huku mpira umeuelekeza mawinguni. Legeza skrubu mbili za pembeni, ishushe mpaka kioo kiangalie ardhi moja kwa moja, kaza. Haigharimu chochote. Kama eneo halijaenea mwanga inua taa juu zaidi badala ya kuiinamisha. Balbu ikiharibika nunua iliyoandikwa Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa njano zaidi na bluu inapungua) au pungufu, na usivuke 3000. Sensa ya mwendo, yaani kifaa kinachowasha taa mtu akipita, weka pale watu wanapopita mara moja moja, nayo itakusaidia kuliko taa inayowaka muda wote maana ikiwaka ghafla kila mtu anageuka kuangalia.

Mabango na taa za mapambo zinahitaji saa ya kuzima. Ufaransa ni sheria tangu 2013, taa za madirisha ya maduka zinazimwa saa saba usiku, au saa moja baada ya kufunga kama duka linachelewa. Hata bila sheria mtaa unaweza kukubaliana saa yake, na nimeona wenye biashara wakikubali haraka wakishapigiwa hesabu ya umeme.

Kabla hamjaanza pimeni, msije mkabishana baadaye kama kuna kilichobadilika. Chagueni usiku usio na mwezi wala mawingu, kaeni sehemu isiyo na taa inayowapiga machoni, simu mfukoni, dakika 20 mpaka 30 macho yazoee giza, kisha hesabuni nyota ndani ya kundi moja mnalolijua na kila mtu aandike yake. Rudieni sehemu ile ile, kundi lile lile likiwa juu vile vile, baada ya taa kushushwa. Na kama kuna jengo jipya linakuja eneo lenu, ombeni mchoro wa taa za nje mapema, sababu kuandika kwenye mkataba kwamba hakuna taa itakayotoa mwanga juu ya usawa wake ni rahisi mno kuliko kumrudisha fundi juu ya nguzo akishalipwa.