Mke wa mvuvi wa mashindano hayuko likizoni

Wengi hudhani mwanamke aliyeolewa na mvuvi wa kulipwa huko Marekani anakula raha tu: mume anacheza ziwani, hundi nono zinaingia. Dhana hii hutokana na picha za washindi. Ni kweli bingwa wa Bassmaster Classic, shindano kubwa la kuvua samaki aina ya bass, hupata dola 300,000. Lakini bingwa ni mmoja.

Wavuvi hulipa ada ya kushiriki, maelfu ya dola, kabla hata ya kutupa mshipi majini. Katika Elite Series, msururu wa mashindano ya ngazi ya juu ya Bassmaster, karibu nusu yao huondolewa baada ya siku mbili, na wengi wa hao hurudi mikono mitupu. Mafuta ya gari na boti, malazi, chambo: vyote vimeshalipiwa. Ndiyo maana katika baadhi ya nyumba nguzo ni mshahara wa mke, pamoja na bima ya afya ya kazini kwake. Hili halisemwi vya kutosha.

Na yule anayesafiri na mumewe? Mume hutoka alfajiri, hurudi jioni, kisha hufunga ndoano na kuchaji betri mpaka usiku. Mke huendesha gari jimbo hadi jimbo, husomesha watoto njiani, hupiga hesabu za wadhamini na kodi. Halafu husimama karibu na mizani samaki watano bora wa mumewe wakipimwa, kwani jumla ya uzito wao ndiyo inayohesabiwa. Wakia chache huamua kama mwezi huo kuna hundi.