Kunasa hewa ukaa sio shida, kuiachia ndio kazi: safari ya Profesa Omar Yaghi

Watu wengi wakisikia habari za kunasa hewa ukaa wanadhani ugumu uko kwenye kuikamata. Hapana, kuikamata tunajua tangu zamani, hataza ya kusafisha gesi kwa amini, yaani kundi la kemikali zenye naitrojeni, ilitoka Marekani mwaka 1930 na mpaka leo viwanda vinatumia njia ile ile. Unachukua amini unaichanganya na maji, kama asilimia 30 amini na iliyobaki maji, unapitisha moshi humo, hewa ukaa inang'ang'ania amini, moshi unatoka ukiwa msafi zaidi. Kimbembe kinaanza ukitaka kuitoa hiyo hewa ukaa uende kuihifadhi, maana inabidi upashe mchanganyiko wote mpaka nyuzi joto 120 hivi na sehemu kubwa ya huo moto inaishia kupasha maji ambayo hayajanasa kitu chochote. Nishati inaliwa pale, na gharama inapanda pale pale.

Kwa hiyo swali ambalo limewala wakemia miaka yao mingi ni hili: unatengenezaje kitu kinachoshika kwa nguvu ya kutosha halafu kinaachia bila kukugharimu moto mwingi? Na hapa ndipo ningependa mumjue mkemia Omar Yaghi, kwa sababu ukifuata maisha yake ya kazi unaelewa sayansi yenyewe.

Alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, familia ya wakimbizi wa Kipalestina, watoto wengi, chumba wanachangia na mifugo, umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Akiwa na miaka 10 aliingia maktaba ya shule akakuta kitabu chenye michoro ya molekuli na ikamkaa kichwani kabla hata hajajua ni nini. Miaka 15 baba yake akamwambia aende Marekani kusoma. Akaanzia chuo kidogo cha jamii huko Troy, New York, akahamia Albany, shahada ya uzamivu (PhD) akachukua Illinois mwaka 1990, baadaye akafundisha Arizona, Michigan, Los Angeles, na tangu 2012 yuko Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Sasa tuje kwenye kemia. Kemia ya supramolekula ni ile inayoangalia molekuli zinavyoshikana bila kuungana moja kwa moja, yaani mvutano mdogo mdogo tu, na molekuli kubwa yenye nafasi ndani inampokea mgeni wa saizi yake na kumkataa mwingine. Charles Pedersen, Donald Cram na Jean-Marie Lehn walipata Nobel ya 1987 kwa kazi hiyo (Pedersen alikuwa mkemia wa kiwandani, hana hata PhD, na mimi hili huwa nawaambia wanafunzi kila nikipata nafasi). Mvutano mdogo ndio tunaoutaka kwenye hewa ukaa, kwa sababu kilichoshikwa kidogo kinaachiwa kwa joto dogo.

Shida ni kwamba molekuli moja moja zenye nafasi ndani hazikutoshi, unataka nafasi nyingi mno kwenye gramu moja. Richard Robson kule Australia alionyesha mwaka 1989 kwamba ukichanganya shaba na molekuli yenye mikono minne vinajipanga vyenyewe kuwa fuwele yenye uwazi mkubwa ndani, Susumu Kitagawa wa Japani akaonyesha gesi zinaweza kuingia na kutoka humo, na Yaghi mwaka 1999 akatoa MOF-5 (MOF ni kiunzi cha metali na molekuli za kaboni chenye vitundu ndani). Fikiria jukwaa la mafundi wajenzi, kwenye kona kuna vifundo vya zinki na nguzo zinazounganisha kona ni molekuli za kaboni, katikati patupu. Gramu moja ya hiyo kitu ina eneo la ndani kama mita za mraba 2,900. Wote watatu wakapewa Nobel ya kemia mwaka 2025, Yaghi simu ikamkuta uwanja wa ndege Frankfurt akibadilisha ndege.

Ila MOF-5 ina adui, maji. Unyevu wa hewani tu unaibomoa. Na moshi wa kiwandani umejaa mvuke, hewa ya kawaida nayo ina unyevu, kwa hiyo kitu kikifanya vizuri kwenye gesi kavu ya maabara usikimbilie kushangilia, uliza kwanza kimepimwa na unyevu kiasi gani. Maada nyingi zilizosifiwa sana zimekwama hapo hapo, molekuli za maji zinawahi kukaa kwenye nafasi za hewa ukaa.

Ndio maana mimi binafsi kazi yake inayonivutia zaidi ni ya 2024, COF-999. Hii haina metali kabisa, ni kaboni na jamaa zake zimeungwa kwa vifungo imara visivyojali maji, halafu ndani ya vitundu Yaghi na wenzake wakapandikiza amini. Yaani amini ile ile ya zamani, ila safari hii haijaogelea kwenye maji, imebanwa kwenye kuta. Ni unga wa njano. Waliupitishia hewa ya nje ya Berkeley siku 20, raundi 100 za kunasa na kuachia, uwezo wake haukushuka, na kuachia kunahitaji nyuzi 60 tu badala ya 120, joto ambalo viwanda vingi vinalitupa bure.

Wenyewe walikadiria kwamba gramu 200 zinanasa kilo 20 kwa mwaka, sawa na mti. Tupige hesabu kidogo: gramu moja inashika kama miligramu 90 kwa raundi, gramu 200 zinashika gramu 18, basi kufikisha kilo 20 lazima ujaze na kumwaga kama mara tatu kila siku mwaka mzima bila kuchoka. Kwa hiyo uimara wa huo unga ni muhimu kuliko hata uwezo wake wa kubeba.

Na kwenye moshi wa viwandani, ambako hewa ukaa ni nyingi zaidi kuliko hewani, tayari kuna mfano: George Shimizu wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walitengeneza CALF-20, zinki na molekuli mbili za bei nafuu, haina amini, inavumilia mvuke, ikajaribiwa kwenye kiwanda cha saruji Canada ikinasa tani moja kwa siku, na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wameanza kuitengeneza kwa wingi.

Kwa kipimo hicho cha COF-999, kunasa tani milioni moja kwa mwaka unahitaji tani 10,000 za unga. Dunia kwa makaa, mafuta na gesi inatoa tani bilioni 37 hivi kila mwaka. Kwa hiyo anayewaambia teknolojia hii inaruhusu tuendelee kuchoma kama kawaida hajapiga hesabu, tani ambayo haijatoka kwenye bomba ni nafuu mara nyingi kuliko ile unayoifukuzia hewani, na hizi maada tuzipeleke kwanza kwenye saruji na chuma, ambako hewa ukaa inatoka hata ukibadilisha umeme wote.