Kukashifu dini: maana yake katika sheria

Maneno mawili huchanganywa mara kwa mara. Kukufuru ni kosa la mja mbele ya Mola wake, na hukumu yake imo katika vitabu vya dini. Kukashifu dini ni jambo la watu kwa watu, yaani kunena au kutenda kitu cha kuidhalilisha imani ya mwingine, naye akasikia au akaona. Sheria ya Tanzania inashughulika na hilo la pili.

Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu anayetamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu machoni pa mwenzake kwa makusudi ya kuumiza hisia zake za kidini. Maneno hayo yanafanana sana na ya kifungu cha 298 cha sheria ya jinai ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitunga kwa nchi yenye Wahindu na Waislamu wanaoishi bega kwa bega, na kwa hiyo hakiulizi imani ipi ndiyo ya kweli. Pakistan ilirithi sheria hiyohiyo, lakini mwaka 1986 ikaongeza kifungu cha 295-C, chenye adhabu ya kifo kwa anayemtusi Mtume Muhammad, wala hakitaji nia popote. Asia Bibi, kibarua Mkristo, alihukumiwa kifo mwaka 2010 kufuatia ugomvi wa maji ya kunywa shambani, na Mahakama ya Juu ikamwachia huru mwaka 2018.

Kwetu, uzito wote umelalia neno "makusudi". Mwaka 2000 mhubiri wa Kiislamu alisema katika mhadhara mjini Morogoro kwamba Yesu si mwana wa Mungu, akashtakiwa na kufungwa miezi 18. Kauli hiyo ni itikadi ya kila Mwislamu, kama ambavyo Mkristo anayekiri Utatu huwa ameshaikana itikadi ya jirani yake kabla hajataja jina la mtu; tukiifanya jinai, haki ya kutoa maoni na ya kutangaza dini, zilizomo katika ibara za 18 na 19 za Katiba, zitabaki maandishi matupu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia, kwa kuwa kueleza unachokiamini hakuthibitishi peke yake kwamba ulikusudia kumuumiza anayekusikiliza.

Mambo huwa magumu zaidi pale ambapo hakuna itikadi inayoelezwa. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, iliripotiwa kwamba mtoto aliikojolea Kurani katika ubishi wa kitoto kuhusu yatakayompata mwenye kuthubutu. Watu wenye hasira wakayavamia makanisa, ilhali kuharibu nyumba ya ibada kwa nia ya kutusi dini ya wenyewe ni kosa chini ya kifungu cha 125 cha Kanuni hiyohiyo.