Nenosiri Linasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Draiva za Hifadhidata

Programu ikigoma kuongea na hifadhidata, wa kwanza kushtakiwa ni nenosiri, wa pili ni seva. Draiva, yule mkalimani aliyekaa katikati, hatajwi mpaka usiku umeingia na chai imepoa. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha nenosiri mara nne mchana mmoja, na nenosiri lilikuwa sahihi tangu asubuhi.

"Nimekataliwa, basi nenosiri si sahihi."

Soma namba ya kosa kabla ya kugusa chochote. Katika MySQL, mojawapo ya hifadhidata zinazotumika sana, kosa 1045 lina maana umefika mlangoni, umebisha, mwenye nyumba amekusikia na amekukatalia. Kwa hiyo mtandao ni mzima na draiva imefanya kazi yake. Kosa 2002 au 2003 ni jambo jingine: hukufika kabisa, na hakuna aliyeliona nenosiri lako.

Hata hilo 1045 si lazima liwe la nenosiri. MySQL humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anakotokea. 'juma'@'localhost' na 'juma'@'10.0.0.5' ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na ruhusa zake. Ujumbe wenyewe hukuonyesha, baada ya alama ya @, seva imekuona ukitokea wapi. Wengi hawafiki hapo kwa kusoma.

"localhost na 127.0.0.1 ni kitu kimoja."

Hii ndiyo iliyonilia muda mwingi kuliko zote. Kwenye Linux na Mac, maktaba ya MySQL iliyoandikwa kwa C ikiona neno localhost, yaani mashine hiihii, haipiti kwenye mtandao hata kidogo. Inatafuta faili la soketi, mlango wa ndani wa mashine, lililo kwenye diski. Ukiandika poti (namba ya mlango wa mtandao) 3307 pembeni yake, poti hiyo inapuuzwa kimyakimya, na unaweza kujikuta umeingia kwenye seva nyingine kabisa iliyo kwenye mashine hiyohiyo. Faili lenyewe nalo halikai mahali pamoja: Ubuntu hulitunza /var/run/mysqld/mysqld.sock, ilhali maktaba nyingine hulitafuta /tmp/mysql.sock. Mahali hapo pakitofautiana, unapata 2002 wakati seva inapumua vizuri tu.

Draiva ya Java haina tabia hiyo. Kwa kawaida yenyewe hupita TCP, yaani njia ya mtandao, hata ukiiandikia localhost. Ndiyo maana mipangilio ileile inakubali kwenye Java na kukataa kwenye PHP, na watu wawili wa ofisi moja wanabishana wote wakisema kweli. Andika 127.0.0.1 ujaribu tena. Kama unatumia Docker, inayoendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, kumbuka kwamba localhost ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Hifadhidata ikiwa kwenye kontena jingine lililowashwa na Compose, zana ya Docker ya kuwasha kontena kadhaa pamoja, iite kwa jina la huduma yake.

"Draiva nimeshaisakinisha, kwa hiyo ipo."

Ipo, lakini ipo kwa nani? Windows ya biti 64 ina programu mbili za kusimamia ODBC (njia ya pamoja ya programu kuongea na hifadhidata), zote zinaitwa odbcad32.exe. Ya biti 64 inakaa kwenye folda ya System32, na ya biti 32 inakaa kwenye SysWOW64. Sijakosea, ndivyo walivyoziweka. Ukiwa na Excel ya biti 32, draiva ya biti 64 haiwezi kuisaidia: utaambiwa kosa IM014 au IM002, na kuisakinisha tena mara kumi hakubadilishi kitu. Angalia kwanza programu yako ni ya biti ngapi, kisha tafuta draiva inayolingana nayo. Seva inaweza kuwa ya biti zozote, haihusiki.

PHP ina hila yake. Amri ya php -m kwenye terminali inaweza kukuonyesha pdo_mysql, draiva ya MySQL ya PHP, huku ukurasa wa tovuti ukilia "could not find driver". Terminali na seva ya wavuti huweza kusoma faili tofauti za mipangilio, php.ini, au hata matoleo tofauti ya PHP. Weka phpinfo() kwenye ukurasa wenyewe uone, kisha uiondoe.

"Jana ilikubali, na hatujagusa kitu."

Nyie hamkugusa, kuna aliyesasisha seva, au draiva. MySQL 8.0, iliyotoka 2018, ilibadilisha njia ya kawaida ya kuthibitisha watumiaji kuwa caching_sha2_password. Akaunti za zamani zilibaki na njia yao, mpya zikapewa hii, na draiva kongwe hazikuifahamu. Hapo ndipo utaona mtumiaji wa zamani anaingia na mpya anakataliwa kwenye mashine ileile. Wengi walimrudisha mtumiaji kwenye mysql_native_password wakaenda nyumbani. Njia hiyo imezimwa kwa kawaida katika 8.4 na kuondolewa kabisa katika 9.0, kwa hiyo deni limerudi. Dawa ilikuwa kusasisha draiva. PostgreSQL ina kisa kama hicho: tangu toleo la 14 nywila husimbwa kwa scram-sha-256, na libpq, maktaba yake ya kuunganishia, iliyotangulia toleo la 10 haielewi lugha hiyo.

Upande wa SQL Server ya Microsoft, draiva ya ODBC namba 18 hudai usimbaji fiche bila kuombwa. Ya 17 haikudai. Seva yenye cheti ilichojitengenezea ikakataliwa ghafla. Mtandaoni utashauriwa uandike TrustServerCertificate=yes. Kwenye laptopu yako, sawa. Kwenye seva ya kazi ni sawa na kufunga barua kwa lakiri kisha kumkabidhi yeyote anayepita.

"Kosa la asubuhi ni la mtandao."

Ombi la kwanza la siku linaanguka na kosa 2006, la pili linapita, na fundi wa mtandao anapigiwa simu bure. MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28800, yaani saa nane. Ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni, ikifika saa saba usiku seva imeshaaga, lakini programu bado imeshika kamba iliyokatika. Kuongeza wait_timeout, yaani muda huo wa kusubiri, kunasogeza tatizo hadi wikendi. Ipangie hodhi ya miunganisho, pale programu inapotunza miunganisho iliyo wazi, umri mfupi kuliko huo. Dakika 30 zinatosha.