Donge la zebaki lisichomwe jikoni

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Busia, Uganda, zebaki, metali ya majimaji, hutumika kunasa dhahabu iliyomo mchangani, na watu wengi wanaogopa kuigusa kuliko kuivuta. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Tone la zebaki likimezwa, tumbo hulipitisha karibu lote likatoka kama lilivyoingia. Mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini, ukafika kwenye ubongo na figo, na kwa mwenye mimba ukamfikia mtoto aliye tumboni. Mvuke wenyewe hauna rangi wala harufu, kwa hiyo pua haimwonyi mtu.

Ndiyo maana nikiulizwa familia ya mchimbaji ianzie wapi kujikinga, nasema ianzie kwenye moto, pale donge linapochomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Donge la dhahabu na zebaki likishatoka kwenye karai, lisivuke mlango wa nyumba.

Najua kwa nini linavuka. Dhahabu ni mali, nje kuna macho ya watu, na ndani sigiri tayari ina makaa. Lakini hebu tupige hesabu. Donge lililokamuliwa vizuri kwa kitambaa bado ni karibu nusu zebaki, kwa hiyo donge la gramu 2 lina kama gramu 1, yaani mikrogramu 1,000,000. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina hewa ya mita za ujazo 22 na kidogo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa wastani wa mwaka, ni mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Ukigawa gramu hiyo moja kwa hewa ya chumba, kila mita ya ujazo inaangukiwa na zaidi ya mikrogramu 44,000. Hakuna dirisha la kuziba pengo hilo. Mvuke ukipoa hugeuka vitone vidogo mno vinavyokaa kwenye mabati, pazia, godoro na nyufa za sakafu ya udongo. Bati likipata jua la saa saba, vinapanda tena hewani, na mtoto anayetambaa leo anavuta kilichochomwa jana.

Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019, na sheria ya madini ya 2022 inakataza zebaki. Hata hivyo bado inauzwa kwa vichupa, na maadamu ipo, ni lazima tuseme namna ya kupunguza madhara yake.

Kifaa cha kwanza ni retorti: kikombe kizito cha chuma chenye kifuniko kinachokaza, na bomba la chuma linalotoka juu na kuteremka kwa mshazari. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki na kudondoka ndani ya bakuli la maji. Kiwe chuma kitupu. Shaba na alumini hushikana na zebaki na kuharibika, na sufuria nyingi za jikoni ni alumini. Bomba la mabati lina zinki, ambayo ikipata moto hutoa moshi wake wenye sumu.

Kabla ya kuweka donge, paka chaki ndani ya kikombe ili dhahabu isigande. Funga, kisha ziba ungio kwa udongo wa mfinyanzi uliolainishwa. Zungushia bomba kitambaa na ukimwagie maji muda wote wa kazi. Washa moto nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, mbali na watoto na vyakula. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, kwa hiyo makaa mazuri yanatosha. Moto upande polepole. Ukiuharakisha, mvuke utalishinda bomba na kutokea kwenye ungio.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kuzamisha mdomo wa bomba ndani ya maji. Moto ukipungua, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji juu. Maji yakigusa chuma chekundu yanalipuka kuwa mvuke, na kifuniko kinaruka usoni mwa mtu. Mdomo uning'inie upana wa kidole juu ya maji, umefungwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha yake ndiyo inayogusa maji. Kosa linalofuata ni haraka ya kufungua. Subiri mpaka kikombe kishikike kwa mkono mtupu. Ukikuta mng'ao wa fedha kwenye ukingo wa kifuniko, kilivuja. Rekebisha ungio kabla ya kukitumia tena.

Retorti hata hivyo haitibu yaliyofanyika kabla ya moto. Anayemwaga zebaki kwenye mchanga wote uliosagwa anaipoteza nyingi kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, nayo mvua huyapeleka bondeni. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine inayoingia kwa samaki, na samaki wakubwa walao wenzao hubeba zaidi. Afadhali mchanga uoshwe kwanza kwenye mfereji uliotandikwa blanketi, kisha karai, kisha sumaku iondoe mchanga mweusi. Kinachobaki kikiwa kisafi na dhahabu yake inaonekana kwa macho, kinaweza kuyeyushwa kwa boraksi, unga mweupe unaosaidia dhahabu kuyeyuka na kujitenga na takataka, bila zebaki hata tone. Kikiwa bado na takataka nyingi, boraksi itakuangusha, na wengi huilaumu bure.

Maduka ya kununua dhahabu yanasahaulika sana. Dhahabu iliyotoka kwenye moto wa kwanza bado ina zebaki kidogo, na mnunuzi anapoiyeyusha, mvuke unatokea mlangoni anapokaa muuza chapati. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kudai bomba la kutolea mvuke lenye chujio, na kazi hiyo ihamishiwe mbali na soko.

Zebaki ikimwagika chumbani, usifagie. Ufagio huipasua vipande vidogo vinavyotoa mvuke zaidi. Watoe watu, fungua madirisha, kusanya matone kwa kadi mbili ngumu, malizia kwa selotepu, weka yote kwenye chupa yenye maji kidogo na uifunge. Nguo za machimboni zisilale ndani wala zisifuliwe pamoja na nepi.

Mikono ikianza kutetemeka, usingizi ukikatika, fizi zikitoa damu au mtu akibadilika tabia, aende kituo cha afya na ataje zebaki mwenyewe, maana dalili hizi hufanana na za mambo mengine. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini. Kipimo cha mvuke ni cha mkojo. Cha nywele huonyesha zaidi iliyotoka kwa samaki. Mkojo utolewe baada ya kuoga na kubadili nguo, ndani ya chombo kilichotoka maabara, kwa sababu vumbi la mkononi likidondokea humo, jibu litakuwa la vumbi hilo.