Fritata si kimanda cha oveni

Katika mwezi huu mmoja nimeisikia fritata ikitajwa mara tatu, na mara zote tatu nimetamani kumkatiza msemaji. Kwanza ilikuwa kwenye hoteli moja ya ufukweni: kadi iliandika fritata ya mboga na jibini, ikaja omleti imekunjwa kama barua. Kisha jirani akatuletea pai la mayai lenye ukoko wa unga chini, naye akaliita vivyo hivyo. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha niandike. Mpwa wangu, ambaye anasomea upishi, alitualika Jumapili saa tano kwa branchi, ule mlo ulio kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, akatoa trei ya mayai kwenye oveni, na nilipouliza ni nini akanijibu kwa upole wa mwalimu: "Mjomba, fritata ni kimanda cha oveni tu."

Maana yenyewe haina mambo mengi. Fritata ni chakula cha Kiitaliano: mayai yaliyopigwa, yakachanganywa na vitu vilivyokwisha kuiva (mboga, jibini, nyama, na kule Napoli hata tambi zilizobaki jana), yakamiminwa kikaangoni na kupikwa kwa moto mdogo mpaka yashikane yawe kama mkate bapa. Haikunjwi. Hukatwa vipande kama keki, ikaliwa ya moto au iliyopoa.

Sasa tuje kwenye oveni. Jina linatokana na kitenzi friggere, yaani kukaanga. Kilichokaangwa ni fritto au fritta, na kutoka hapo wakapata frittata. Ukoo huo una watu wengi. Fritto misto ni sahani ya vitu mchanganyiko vilivyokaangwa, na frittelle ni vidonge vitamu vya unga wanavyokaanga Venezia wakati wa kanivali, binamu kabisa wa kaimati zetu. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo hiyo: kutoka kaanga tukapata kikaango. Tofauti ni kwamba sisi jina tulikipa chombo, wao wakakipa chakula.

Kwa hiyo mafuta na kikaango vimo ndani ya jina lenyewe, na oveni haimo. Mwitaliano akiioka huongeza maneno na kusema frittata al forno, fritata ya oveni. Kama oveni ingekuwa ndiyo maana yake, nyongeza hiyo ingekuwa ya nini? Hakuna mtu anayesema wali wa mchele.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Kiitaliano kina msemo rivoltare la frittata, kuigeuza fritata. Huambiwa mtu aliyebanwa na hoja, akayapindua maneno mpaka wewe uliyekuja kudai haki yako ukajikuta unaomba msamaha. Sote tuna jamaa wa namna hiyo. Lakini angalia picha iliyouzaa msemo: fritata hugeuzwa, upande uliokuwa chini ukawa juu. Msemo huo usingetoka jikoni ambako chakula husukumwa ndani ya oveni kikangojewa.

Mimi kugeuza huko nilikuona Malindi, mji ambao Waitaliano wameuzoea tangu miaka ya 1960, ilipojengwa kambi yao ya kurushia setilaiti ya San Marco pwani ya pale, na ambako hutapata shida kumwona mpishi Mgiriama akibishana bei ya samaki kwa Kiitaliano. Huyo niliyemtazama alifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono kwanza. Akakitikisa kikaango kidogo kuhakikisha mayai hayajashika chini. Akafunika kwa sahani bapa iliyokipita kikaango kwa upana, akakandamiza kiganja juu ya sahani, akageuza vyote kwa mkupuo mmoja akielekeza mbele, mbali na tumbo lake. Tone la mafuta lilitiririka likaishia kwenye kile kitambaa. Fritata ilikuwa juu ya sahani, rangi ya maandazi yaliyoiva vizuri, naye akaitelezesha tena kikaangoni imalize upande wa pili. Dakika tatu, nne, basi.

Na hapa nataka kumtetea mtu ambaye hakuna kadi ya hoteli inayomtaja: muuza chipsi mayai. Anamimina mayai juu ya viazi vilivyokwisha kuiva, anangoja yashikane, anafunika kwa sahani, anageuza. Dar es Salaam wanaiita zege, na jina limekaa. Kwa kitendo, huyu yuko karibu na fritata kuliko mpishi mwenye kofia ndefu anayekunja omleti. Ndugu yake wa karibu zaidi, nikisema kweli, ni tortilla ya Wahispania, ambayo nayo ni mayai na viazi na hugeuzwa kwa sahani. Lakini hiyo siku nyingine.

Omleti ni Mfaransa, na jina lake lina kisa. Chanzo ni lamella ya Kilatini, kibamba chembamba. Kwa Kifaransa cha kale bapa la kisu likaitwa la lemelle. Watu wakasikia l'alemelle, yaani ile a ya kibainishi la, kineno kinachotangulia nomino, ikahamia kwenye nomino yenyewe, na kutoka hapo neno likayumba vizazi na vizazi mpaka likatua kwenye omelette. Tusiwacheke. Sisi tulichukua kitab ya Waarabu, ambayo ki yake ni sehemu ya neno, tukadhani ni ngeli, na leo tuna vitabu. Ila tazama jina linavyosema: chembamba. Omleti hupikwa kwa moto wa kutosha, dakika moja au mbili, ya mtu mmoja, ikakunjwa huku ndani bado ni laini. Ikijazwa kitu, hicho hutiwa katikati mwishoni. Fritata ni nene, ya meza nzima, na vilivyomo vimo tangu mwanzo. Kimanda chetu cha vitunguu, nyanya na pilipili kimesimama katikati ya hawa wawili: vitu vimechanganywa kama fritata, ila ni chembamba na cha haraka kama omleti. Sioni haja ya kukiazima jina. Kinalo.

Pai la jirani ni kishi. Lina ukoko wa unga na krimu, linatoka Lorraine, na jina lake ni la ukoo wa Kuchen ya Kijerumani, keki. Hilo kweli ni la oveni.

Mpwa wangu alikuwa na swali moja la haki: mbona kila mahali fritata ya mboga na jibini inahusishwa na majira ya machipuko? Jibu liko kwa kuku. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Baridi ikiingia Ulaya mchana hufupika, na kuku wa kienyeji hupunguza mayai au huacha kabisa. Mchana ukirefuka tena kuanzia Machi, mayai hujaa kapuni. Ongeza kwamba zamani Wakatoliki walikatazwa mayai wakati wa Kwaresima, nao kuku hawakuambiwa, hivyo kufika Pasaka nyumba ilikuwa na akiba. Jumatatu ya Pasaka Waitaliano hutoka kwenda kula nje, na fritata yenye asparagasi, njegere au vitunguu vibichi hubebeka kirahisi. Sisi tulio karibu na ikweta, mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hatuna msimu wa namna hiyo. Kuku wetu hawajui machipuko ni nini. Wairani nao wana mayai yao ya majani mengi wanayopika kwa Nowruz, mwaka mpya unaoingia na machipuko, tarehe 20 au 21 Machi. Wanaiita kuku sabzi. Ndiyo, kuku. Kumweleza Mswahili kwamba hiyo kuku haina nyama kunataka subira.

Na kwa branchi inafaa kwa sababu ya kawaida tu. Wageni wa saa tano hawaji saa tano. Omleti ikingoja huwa mpira. Fritata ikingoja haipotezi kitu.

Kwa anayetaka kujaribu: mayai sita kwa kikaango cha sentimita 24, gramu 50 hivi za jibini kavu iliyoparuzwa, na vikombe viwili vya mboga. Mboga ndizo huharibu kazi. Mchicha, uyoga na nyanya zina maji, na maji hayo yakitoka ndani ya mayai utapata kitu kinacholia sahanini. Zikaange kwanza, mchicha uukamue kwa mkono kama unavyokamua nazi, uache upoe, ndipo uchanganye. Jibini ikiwa ni ya chumvi, kama parmijano, onja kabla ya kutia chumvi yako. Moto mdogo, dakika kumi hivi. Kingo zikishikana na katikati kukitetemeka bado, ni wakati wa sahani.

Ukiogopa sahani, weka kikaango chini ya moto wa juu wa oveni dakika mbili juu pakauke. Wapishi wengi hufanya hivyo, hata Italia, na hakuna atakayekufukuza. Fritata itakuwa imekwisha kukaangwa chini. Oveni imekuja kumalizia tu.

Ya mpwa wangu haikugusa kikaango kabisa. Mayai kumi na mawili, karoti, pilipili hoho na chizi, moja kwa moja kwenye trei, nusu saa. Nilirudia mara mbili, na kilichobaki nilifungiwa niende nacho. Ni fritata ya oveni, mwanangu. Ongeza hayo maneno mawili nasi tumeelewana. Wale wa hoteli wao wafute neno moja tu kwenye kadi yao, kwa maana omleti yao ilikuwa nzuri na imekunjwa kwa ufundi.